Usiupime Mji Mwezi wa Novemba

Zamani barua zenu nyingi ziliuliza mkopo unapatikana wapi. Siku hizi mnaniuliza vitabu. Kuna mafaili yanazunguka kwenye simu za vijana kuanzia Mtwara mpaka Nachingwea, vitabu vya Wamarekani vya kuanzisha kampuni, na kila aliyemaliza sura mbili anataka awe na biashara kabla korosho hazijaanza kwenda ghalani mwezi ujao. Baadhi ya vitabu hivyo ninavyo na nimevisoma. Nitajibu kwa ninavyovielewa, na kwa ninavyoijua mitaa yetu.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Magomeni, Mtwara. Nataka kuuza korosho za kukaanga kwenye vifuko vya zipu, gramu 100 kila kifuko, na baadaye siagi ya korosho. Nina akiba ya shilingi 650,000. Korosho zilizobanguliwa nazipata kwa kikundi cha akina mama kwa 18,000 kilo. Mchapaji wa Dar es Salaam anasema vifuko vyenye nembo yangu havipungui 1,000, kila kimoja 400. Nikinunua vitupu na kubandika stika, kimoja kinanifikia 450. Nimesoma The Lean Startup mpaka katikati na kinanihimiza nianze haraka. Nilipie vifuko wiki hii?

Marahaba mwanangu. Usilipie.

Ujue kwamba ninapokwambia hivyo najikatia riziki mwenyewe. Tangu nistaafu uhasibu kwenye chama cha ushirika nauza vifungashio, na mteja wa vifuko elfu ndiye ninayemvutia kiti na kumwagizia soda. Lakini wengi wa hao huwaoni tena. Wanaodumu ni wale wanaoanza na vifuko kumi na tano, wanarudi kuchukua ishirini, halafu siku moja wanaingia wamekunja uso kwamba zipu za safari iliyopita zilikuwa zinaachia. Akishaanza kulalamikia zipu, najua huyo ana wateja.

Sasa kitabu chako. Eric Ries alikitoa mwaka 2011, na haraka anayoihimiza ni ya kujifunza. Kufungua ni njia tu ya kufikia huko. Mwaka 2004 yeye na wenzake walianzisha kampuni inayoitwa IMVU. Wakakaa miezi wakitengeneza programu ya kuunganisha kwenye huduma za kutumiana ujumbe ambazo watu walikuwa nazo tayari. Walipowaletea wateja waijaribu, watu wakagoma hata kuipakua. Kasoro walizohangaika kuzirekebisha usiku kucha hazikuonwa na mtu, maana hakuna aliyefika huko ndani. Swali lililombaki Ries ndilo kiini cha kitabu kizima: kulikuwa na haja ya miezi yote ile ili kugundua kwamba hawaitaki? Ndipo akaja na shauri la kutengeneza kitu kidogo kabisa ambacho mteja anaweza kukilipia au kukikataa, ukaona anachofanya, ukarekebisha, ukarudia.

Vifuko elfu vyenye nembo ni ile miezi ya Ries kwa sura nyingine. Chukua kalamu tuhesabu. Kilo moja ukishaikaanga, ukatoa zilizovunjika na zilizoungua, tuseme inakupa vifuko tisa. Kujaza vifuko 1,000 unahitaji kilo 111, yaani karibu shilingi milioni mbili za korosho peke yake. Wewe baada ya kumlipa mchapaji 400,000 utabaki na 250,000. Hiyo shilingi 50 unayodhani unaiokoa kwenye kila kifuko utaipata siku utakayokijaza kifuko cha elfu, na siku hiyo iko mbali.

Tuendelee, kwa sababu kuna jambo hukuliuliza. Korosho 18,000, vifuko tisa na stika 4,050, mkaa na chumvi tuweke 1,000. Jumla 23,050. Gawa kwa tisa, kifuko kimoja kinakugharimu shilingi 2,561, na jasho lako hatujalilipa. Ukiuza 3,000 kama ulivyoandika pembeni ya barua, unabaki na 439. Mwenye duka la stendi akisema naye anataka 500 kwa kila kifuko, umeanza kumlipa mteja ale korosho zako. Kwa hiyo jambo la kwanza la kujaribu ni bei, ladha ifuate. Kaanga kilo nne, upate vifuko thelathini na sita. Weka nusu mahali pamoja kwa 3,500 na nusu mahali pengine kwa 4,000. Utakuwa umetumia kama 92,000, na akiba yako kubwa bado iko salama.

Hayo mahali mawili yawe wapi? Hapa ndipo wengi wa mkoa wetu wanapokosea. Mtu wa Mtwara akitaka korosho anamwita kijana mwenye sinia, au anachota kwenye gunia la shemeji yake. Hatoi 4,000 kwa sababu kifuko kinang'aa. Anayetoa ni anayeondoka: abiria wa basi la alfajiri aliyesahau zawadi, mgeni wa semina anayelala gesti, mtu wa uwanja wa ndege mwenye mkono mmoja kwenye begi. Hivyo stendi na mapokezi ya hoteli ndiyo maabara yako. Sokoni usiende.

Na usihesabu waliokusifu kwenye simu kwamba umepiga picha nzuri. Hesabu kitu kimoja: mwenye duka aliyekupigia simu mwenyewe kusema zimeisha, leta nyingine. Akikupigia bila wewe kumkumbusha, tuzungumze habari za nembo.

Siagi ya korosho iache kwanza. Hapa naachana na vitabu vya Marekani kabisa. Waandishi wake wengi walitengeneza programu za kompyuta, na programu mbovu unairekebisha usiku, asubuhi hakuna aliyeumia. Korosho iliyofungwa ikiwa na unyevu inaota ukungu, ukungu unaleta sumukuvu, na sumukuvu haioni kwamba wewe bado unajifunza. Hata hizo kilo nne, kausha vizuri, ziache zipoe kabisa kabla ya kufunga zipu, uandike tarehe. Ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo Mtwara, nenda ukaulize mafunzo yao ya usindikaji wa chakula.

Habari za kazi Shangazi. Nasoma chuo hapa Mtwara. Nina wazo la programu ya simu ya kuwaunganisha wavuvi wa Feri na wateja wa mjini, hoteli na majumbani. Fundi wa kuitengeneza anataka milioni 6. Natafuta mwekezaji. Nianzie wapi?

Nzuri mwanangu. Anzia Feri, asubuhi mashua zinapoingia, ukiwa na simu yenye chaji.

Mwaka 1999 kijana mmoja wa San Francisco, Nick Swinmurn, alitaka kujua kama watu watakubali kununua viatu kwenye intaneti bila kuvivaa kwanza. Hakununua hata jozi moja ya kuweka stoo. Alikwenda kwenye maduka ya viatu, akaomba ruhusa kupiga picha, akaziweka mtandaoni. Mtu akiagiza, yeye anarudi dukani, ananunua kwa bei ileile ya rejareja, anamtumia. Faida hakuna, ila aliona kwa macho yake kwamba watu wanatoa fedha. Kampuni hiyo ni Zappos, ambayo Amazon waliinunua mwaka 2009.

Miaka ileile ya Swinmurn kulikuwa na Webvan, nao wa hukohuko, waliotaka kuwapelekea watu vyakula majumbani. Hao walianza na maghala makubwa yenye mitambo, na magari yao, wateja wafuate. Julai 2001 walifunga, wakiwa wameteketeza mamia ya mamilioni ya dola.

Milioni 6 za fundi ni ghala lako la Webvan. Wewe piga picha za changu na kolekole asubuhi, weka kwenye hali yako ya WhatsApp na bei, watu ishirini wa kuanzia. Anayetaka atume fedha kwa simu kabla hujanunua. Nunua, mpe bodaboda. Fanya hivyo mpaka uchoke, kwa sababu uchovu ndio utakaokuonyesha programu inatakiwa kufanya nini. Utakuta mteja wa nyumbani hataki kuparua magamba, kwa hiyo anayelipia zaidi analipia samaki aliyesafishwa. Utakuta hoteli inataka pweza wa ukubwa mmoja, na pweza anafuata bamvua, hafuati oda. Kusi ikivuma wiki nzima utakuwa na wateja bila samaki.

Na utakuta jambo ambalo fundi wako hawezi kuliandika kwenye simu: sehemu ya samaki wale wanashuka mashuani wakiwa na mwenyewe. Mfanyabiashara alishamkopesha mvuvi mafuta na barafu jana usiku, au nyavu mwaka jana, na mvuvi anamrudishia kwa samaki kwa bei waliyopatana. Ukiingia na programu yako ukampa bei nzuri zaidi, atakutazama kwa huruma. Ukitaka samaki wake itabidi ufikirie nani analipia mafuta. Pengine hapo ndipo biashara yenyewe ilipo, wala si kwenye programu. Sijui, na wewe hujui, na mwekezaji ndiye asiyejua kuliko sote. Mwache kwanza.

Shikamoo Mama. Niko Masasi. Nilitaka kuwapelekea watu mitungi ya gesi majumbani kwa pikipiki. Niliuliza watu zaidi ya thelathini, wote wakasema wazo zuri sana, ukianza tuambie. Nimechukua mitungi minane kwa mkopo wa VICOBA. Mwezi mzima nimeuza miwili, mmoja kwa dada yangu. Kwa nini walinidanganya?

Marahaba baba. Uliwaulizaje? Naamini uliwaambia wazo lako kwanza, kisha ukawauliza wanalionaje. Sasa mtu mzima wa Masasi, kijana wa jirani kaja kwa adabu, kaamkia, macho yanamng'aa, unataka amwambie nini? Atakwambia Mungu akujalie. Hiyo ni dua, nawe uliiandika kwenye hesabu kama oda.

Rob Fitzpatrick, mtu wa programu kwa fani, ana kitabu chembamba cha mwaka 2013 kinachoitwa The Mom Test. Katika vyote nilivyonavyo hicho ndicho ningemkopesha mtu, kama ningekuwa na uhakika wa kurudishiwa. Shauri lake ni kwamba uulize maswali ambayo hata mama yako mzazi, anayekupenda, hawezi kukudanganya kwayo. Wazo lako usilitaje kabisa. Uliza yaliyokwisha kutokea. Mara ya mwisho gesi ilikuishia lini? Ilikuwa saa ngapi? Ulifanyaje siku hiyo? Nani alikwenda kuubadilisha mtungi, na alitumia nauli kiasi gani? Ukiuliza hivyo nyumba kumi za Masasi utasikia jambo moja likijirudia: iliisha, tukawasha mkaa, kesho yake mtoto akapeleka mtungi dukani. Maana yake shida ipo lakini haiumi. Mkaa uko uani, na mtoto halipwi.

Sasa wapelekee maswali hayohayo wanaokaanga chipsi, mama ntilie, wenye vibanda vya chai karibu na stendi. Gesi ikimwishia muuza chipsi saa mbili usiku, foleni imesimama, mafuta yanapoa, yeye haachi kibanda kwenda kutafuta mtungi. Huyo shida inamuuma kwa shilingi. Muulize mara ya mwisho ilikuwaje, alipoteza mauzo gani. Akikueleza kwa hasira, ndipo umwambie: nikupe namba yangu, ukinipigia nafika na mtungi, nauli yangu 2,000, na wiki hii ulipie mmoja kabisa. Akitoa fedha umepata mteja. Akisema tutaongea, mshukuru, pita kibanda kinachofuata.

Hiyo mitungi sita iliyobaki usiirudishe bado. Huo mkopo wa VICOBA, nenda mwenyewe kwa mweka hazina ukamweleze hali ilivyo kabla kikao hakijafika. Wanachama wanaudhika zaidi na anayejificha kuliko anayechelewa.

Shangazi, nisajili kwanza au niuze kwanza? (Wameuliza watatu, wa Newala, wa Ruangwa na wa Kilwa.)

Namba ya mlipakodi inatolewa na TRA bure, ichukueni leo, atakayewatoza msimpe. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, leseni inatoka halmashauri. Chakula cha kufungasha kinaingia kwenye mikono ya TBS, shirika la viwango. Kwa jaribio la kuuza kwa majirani na marafiki wa kazini mnajifunza bila bango wala mhuri, lakini siku mnapopeleka dukani kwa mtu mwingine muwe mmeshaanza safari hiyo, kwa sababu mwenye duka akikaguliwa ni yeye anayefungiwa.

Wa Ruangwa ameongeza swali la mikopo ya halmashauri. Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana wanakwenda kwa kikundi. Msiunde kikundi kwa ajili ya mkopo halafu ndipo mtafute biashara. Afisa maendeleo ya jamii amekwisha kuwaona wa namna hiyo wengi.

Binti yangu, mimi ni mzee wa Mikindani, nimefanya biashara tangu enzi za maduka ya kaya. Hao Wamarekani wanaoandika kwamba ukianguka haraka ni vizuri, wanaanguka kwa fedha za matajiri. Wajukuu zetu wakianguka wanarudi kula kwetu. Kwa nini unawasomesha mambo haya?

Shikamoo mzee wangu. Neno lako nimelipokea na nitalirudia kwa vijana. Ries na wenzake wanaandikia watu ambao mwekezaji amewapa fedha akijua kampuni nyingi alizoziwekea zitakufa. Kijana wa Magomeni hana mtu wa namna hiyo. Ana shangazi.

Ila yuko mtafiti mmoja, Saras Sarasvathy, mzaliwa wa India anayefundisha Marekani, ambaye nadhani mngeelewana. Aliwapa mtihani wafanyabiashara wazoefu 27, akawasikiliza wanavyofikiri kwa sauti, na mwaka 2001 akachapisha aliyoyaona. Wazoefu wale hawakuanza kwa kuuliza faida itakuwa kiasi gani. Waliangalia walicho nacho mkononi, wanaowafahamu, na hasara wanayoweza kuibeba bila kuyumba. Kisha wakaanza na hapo. Wazee wa Mikindani mlikuwa na njia hiyo bila profesa: mali kauli. Kijana anapewa katoni mbili za sabuni kwa neno la baba yake, anauza, anarudisha, anapewa nne. Hakuwa na mtaji, ila alikuwa na jina, na jina likiharibika hasara ilikuwa ya ukoo mzima. Hicho ndicho ninachotamani kingekuwa kwenye vitabu vile, na sikioni. Kama una nafasi, mzee wangu, niandikie mlivyokuwa mkimchagua wa kumpa. Nitaichapa barua yako nzima.

Dada yangu, mimi ni mwalimu, Lindi Mjini. Mume wangu ana shamba la mikorosho kule Mtama. Tumekubaliana akilipwa msimu huu anipe milioni 3 nifungue duka la juisi na aiskrimu mwezi wa Novemba. Mwaka jana Novemba nilijaribu kuuza juisi ya embe nje ya nyumba wiki mbili, ndoo ikaisha kila siku. Vitabu vinasema ukishapima ukaona watu wanalipa, songa mbele. Fremu niliyoipata ni 150,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo. Msaidizi ninaye. Pia nishauri, friza ninunue mpya au iliyotumika?

Mdogo wangu, barua yako ndiyo iliyonifanya nichague mada ya mwezi huu, kwa sababu umefanya kila kitu kama kitabu kinavyosema na bado nina wasiwasi.

Ulipima, sawa. Lakini ulipima nini? Korosho za mumeo zinapelekwa chama cha msingi, zinaingia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, zinanadiwa, fedha inaingia benki. Minada inaanza Oktoba. Kwa hiyo Novemba mkoa mzima unalipwa ndani ya wiki chache. Wachuuzi wanatoka Kariakoo na mabelo ya vitenge kufuata fedha hiyo. Bati zinauzika, simu zinauzika, pikipiki zinauzika, mwenye kipaza sauti anauza hata dawa ya panya kwa foleni. Juisi ya embe isipouzika Lindi mwezi wa Novemba, basi ina inzi ndani. Jua la Novemba nalo lilikusaidia, mvua bado hazijakolea. Na embe, dada, embe ulizinunua bei gani? Msimu wake ulikuwa umefika, zinaoza chini ya miti. Ukichanganya yote hayo, wiki zako mbili zilipima korosho, jua na bei ya embe. Juisi yenyewe haijapimwa.

Piga picha ya Machi. Watu wako mashambani au mvua imewafungia ndani. Fedha ya korosho imekwenda kwenye ada, kwenye bati, kwenye harusi. Aliyekunywa vikombe viwili Novemba anapita na kusema, mwalimu, niandike. Ukimkatalia ni mzazi wa mwanafunzi wako. Embe unaagiza kwa bei nyingine. Halafu ongeza Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia katikati ya miezi hiyo ya ukame wa fedha, na Lindi mchana wa mfungo huuzi kikombe. Kodi ya fremu yenyewe haifungi.

Na msimu wenyewe si wa kutegemea kwa tarehe. Unakumbuka 2018: wakulima walikataa bei za wanunuzi, serikali ikaamua Novemba ile kununua yenyewe kwa 3,300 kilo, jeshi likasomba, na wengi wakakaa muda mrefu kusubiri malipo. Aliyekuwa amelipia fremu akiitegemea Novemba ya mwaka ule alijifunza somo la gharama.

Waandishi wa vitabu hivi wanazungumzia mzunguko wa kutengeneza, kupima na kujifunza, na kwao mzunguko mmoja unaweza kuisha kwa wiki. Wanaandikia miji ambako mshahara unaingia Januari kama unavyoingia Julai. Kwetu mzunguko mmoja kamili una msimu wa fedha na msimu wa ukavu, na jibu la kuaminika linapatikana kwenye ukavu.

Ndiyo maana nakwambia usingoje Novemba. Anza sasa hivi, mwezi huu wa Septemba, ambapo ufuta umeshauzwa na fedha yake imeshaisha, na korosho bado. Hali ya mfukoni ni kama Machi, tofauti ni mvua tu. Embe hazipo, tumia ukwaju, ndio wakati wake. Uza kulekule nje ya nyumba, ndoo moja, msaidizi wako akae nayo, kwa mshahara wako bila kugusa korosho. Mwambie aandike mambo matatu kila jioni: vikombe vilivyolipiwa taslimu, vikombe vilivyoandikwa deni, na wangapi walikuwa wamekunywa siku za nyuma. Safu ya deni ikiwa ndefu kuliko ya taslimu, umepata jibu kwa bei ya sukari na ukwaju.

Ikienda vizuri, Novemba uza kwa nguvu zote, lakini palepale nyumbani au kwenye meza ya kukodi. Faida ya Novemba ihesabu kama zawadi, usiipangie kodi. Hiyo milioni 3 ikilipwa iwekeni mahali pasipo na jina lako peke yako, kwa sababu ndugu nao wanajua tarehe ya mnada. Ramadhani ikiingia badilisha saa: funga mchana, uza kuanzia alasiri hadi baada ya magharibi, kwenye chupa za kubeba nyumbani za futari, na hapo pengine utashangaa. Halafu Machi mwenye fremu mwenyewe atakuwa amelegea. Fremu tupu ya mwezi wa Machi haidai miezi sita mkupuo. Mwombe mitatu.

Kuhusu aiskrimu, iache mpaka juisi ijilipe. Umeme ukikatika mchana mmoja juisi unaigawa kwa watoto wa jirani, aiskrimu unaimwaga.

Friza nunua iliyotumika. Mpya itakula sehemu kubwa ya fedha unazohitaji kwa miezi ya mwanzo. Usinunue kwa kuisikiliza ikinguruma dukani, maana kunguruma zote zinanguruma. Angalia mpira wa mlango: funga mlango juu ya noti, halafu uivute. Ikitoka kirahisi, baridi nayo inatoka. Tazama nyuma kama kuna dalili za kuchomelewa bomba. Kisha mwombe muuzaji mweke ndani chupa mbili za maji jioni, mwende mkazitazame asubuhi. Zikiwa barafu tupu, lipa. Zikiwa na baridi tu, mwachie friza lake.